Msamaha wa Mtihani, Si wa Maswali

Raya mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi jikoni, na hali yangu umeiona kwa macho yako, kwa hiyo nazipita zote mbili. Umekwenda Bawshar kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamruhusu mtu kuondoka kabla hajala, akaapa ameshiba, akala tena. Nina nafasi. Alkhamisi imetulia, Bibi amelala na redio yake kifuani, na kila ndege inayopita juu yetu hapa Sib, Maskati, najiambia kesho itakuwa hiyo.

Sikuandikii habari za sweta, wala viungo ulivyofunga kwenye soksi, wala kupiga simu ukifika. Hayo nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, hata wewe mwenyewe umechoka kujisikiliza." Kweli nimechoka. Nimechoka na jimbo lako la kwanza na jimbo lako la pili. Nimechoka na yule bibi wa leseni huko Marekani, anayeandika barua pepe fupi kama risiti ya duka. Nimechoka na baba yako, ambaye kila nikimpigia kambini kwake jangwani ananiambia, "Fanyeni mnavyoona," kisha ananiuliza kama gari limebadilishwa mafuta. Na tangu jana usiku, uliponiambia utawajibu nini watu wa leseni watakapokuhoji, nimechoka na wewe pia. Ndiyo sababu ya barua hii. Nitafika huko, lakini kwanza nina ya kusema.

Mwaka jana ulinipigia simu kwa furaha. Umepata kazi katika jimbo jingine, kubwa kuliko lile ulilosomea, na ukaniambia, "Usijali Mama, majimbo yanatambuana. Leseni yangu ya huku wataikubali kule. Watanisamehe mtihani na muda wa kungoja." Mimi niliyekaa nyuma ya dirisha la leseni la baladiya, halmashauri yetu ya mji, tangu wewe ukiwa skuli ya chini, mimi ninayejua neno "kutambuana" lina meno mangapi, nikasema alhamdulillahi, nikarudi kukuna nazi.

Unamkumbuka yule kinyozi wa Suhar niliyekusimulia? Alikuja kwetu na kibali chake kimetiwa plastiki, anataka kufungua duka Hamriya, hapa mjini kwetu. Alikuwa ameshakodi chumba na kupandisha viti kwenye pikapu. Nikamwambia kibali cha Suhar ni cha Suhar. Akanitazama kama nimemwambia jua la Suhar ni la Suhar. Mkasi wangu ni uleule, akasema, na vichwa ni vilevile. Nikamweleza kwamba tunaitambua kazi yake, na kwa sababu hiyo kadi yake ya afya hatutamtaka aifanye upya, tunamsamehe. Lakini duka lazima likaguliwe, na maswali atajibu yote kama mtu tusiyemjua. Akaniuliza, sasa mmenisamehe nini? Niliona ni mtu mgumu wa kuelewa. Nilirudi nyumbani nikamcheka mezani, na wewe ulicheka.

Sisi hatukuwa na haki ya kumcheka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja nilipoletwa hapa kutoka Unguja. Kule nilikuwa wa kwanza darasani, na mama yangu, huyu Bibi yako, alikuja na karatasi zangu za skuli zimekunjwa ndani ya msahafu zisiharibike. Mwalimu mkuu alizipokea kwa heshima. Akasema wanawatambua ndugu zao waliorudi, na ada ya vitabu nimesamehewa. Kisha akanipeleka kukaa na watoto wa darasa la pili, kwa sababu Kiarabu changu kilikuwa cha Kurani tu. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Mwaka mzima nilikaa upande, kama mtu anayesubiri kushuka. Bibi alikuwa akiwaambia wageni kwamba niko darasa la sita, na mimi nilinyamaza. Hapo ndipo nilipofundishwa. Sikufundishwa Kiarabu, Kiarabu kilikuja chenyewe. Nilifundishwa kwamba jambo likitia haya unalifunika kwa neno jirani lenye sura nzuri, na mama yako akilifunika, wewe unashika pembe ya pili ya shuka.

Sasa kazi yako. Sijaipenda, na sitajifanya nimeipenda kwa kuwa unasafiri. Ulinieleza kwamba huchezi na huchezeshi. Unafungua mashine za kamari, unapima kama zinawalipa watu kiasi ilichosema sheria, na ikikutwa inapunja unaifunga. Ulimweleza Bibi kwamba wewe ni kama wakaguzi wa mizani pale sokoni. Bibi akafikiri, akasema, "Mizani ya samaki naielewa, samaki analiwa. Hiyo mashine yako mtu anarudi nyumbani na nini?" Ukasema mara nyingi harudi na kitu. Bibi akasema, "Basi mjukuu wangu unapima hewa." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Baadaye uliniambia kwamba mashine zikiachwa bila mkaguzi, watu wataibiwa zaidi, na nilikosa jibu. Mpaka leo sina jibu. Lakini kukosa jibu si kukubali, Raya, na ninataka uondoke ukijua tofauti hiyo ipo kati yetu na imekaa salama, haimuumi mtu.

Jimbo lako la kwanza halikuuliza habari za nyumbani, uliingia ukiwa mwanafunzi na wakatosheka. La pili likauliza. Wakasema msamaha upo, mtihani hutafanya, muda wa kungoja hutangoja, ila uwaletee cheti cha polisi kutoka kila nchi ulikoishi, na karatasi zote zikubaliane. Ukanitumia barua ya uwakala nikuchukulie cheti hapa. Jambo dogo. Fomu ina mstari mmoja unaouliza cheti ni cha kazi gani.

Nilisimama mbele ya mstari ule na kalamu. Kushoto kwangu mwanamume mwenye tasbihi, kulia mwanamke na watoto. Nikaandika: kazi ya hesabu.

Sikuona kama ni uongo. Ulisomea hesabu, mashine unazipima kwa hesabu. Kwetu huku hilo lina jina zuri, sitara. Hatusemi fulani amefungwa, tunasema yuko safari. Mke hakuachwa, amekwenda kupumzika kwao. Nani anadhurika? Nikapata cheti, nikakutumia, nikajisifu moyoni kwamba nimefanya kazi ya binti yangu bila kumvunjia heshima.

Bibi wa leseni akaandika: cheti kinasema kazi ya hesabu, maombi yanasema ukaguzi wa mashine za kamari, eleza. Ndiyo barua yote. Na maelezo yakiwa hayatoshi, msamaha unafutwa, uombe upya kama mgeni, ufanye mtihani, ungoje. Wenye kazi walikwishasema wanakuwekea nafasi ukija na msamaha, si vinginevyo, na viza yako imening'inia kwenye nafasi hiyo. Siku hizi, kwa majina yetu haya ya Kiislamu, karatasi mbili zisizokubaliana hazisomwi kama mama kuona haya. Zinasomwa vingine.

Ulirudi nyumbani kwa ajili ya viza ukiwa na barua hiyo, na hukuweka hata begi chini. Ukaniambia, "Mama, umenifanya mwongo na mimi sijafungua mdomo."

Nikakwambia nimekusitiri.

Ukasema, "Ulijisitiri wewe."

Hatukusemezana mpaka siku ya pili. Bibi alikuwa akipeleka maneno baina yetu kama mkalimani, na kila neno analipunguza chumvi njiani.

Hilo unalijua. Usilolijua ni siku niliyokwenda kurekebisha cheti, kwa sababu ulikuwa ubalozini, na niliporudi nilikwambia tu, "Kimepatikana," nikaingia kuoga.

Polisi walisema aliyeandika ndiye atakayerekebisha, kwa hiyo nilipanga foleni mimi. Kijana wa dirishani nilimsikia akisema kwenye simu, "Nakuja, mama, niko kazini," kwa Kiswahili kabisa cha kwetu. Nikafurahi. Nikaona Mungu kaniletea pazia. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba mwanangu anaomba leseni ya kazi Marekani, na mstari wa kazi uandikwe sawasawa. Akauliza kazi gani. Nikasema kukagua. Kukagua nini? Mashine. Akaniwekea kalamu chini. "Mama, mashine hata friji ni mashine. Sema tu, nnakusikia."

Nikasema, "Kamari."

Nyuma yangu kulikuwa na mtu anajipepea tangu nifike, nikihisi upepo wake shingoni. Upepo ukasita. Nikageuka, na alikuwa Bi Thuraya, jirani yetu wa mtaa wa pili, yule anayetuletea mikate ya vibibi Ramadhani. Kwa miaka yote niliyoishi hapa, nusu ya Maskati inasema Kiswahili nyumbani, na mimi nilidhani nimejifichia ndani yake.

Kijana hakucheka. Aliuliza kama mwanangu anazichezesha, nikasema anazikagua zisiwapunje watu. Akasema hili lazima alione mkubwa wake. Akaja mzee mwenye ndevu za mvi, akasoma cheti cha kwanza, akasoma barua ya bibi wa leseni, akaitazama kadi yangu ya kazi niliyokuwa nimetoa kama kitambulisho. Akaniuliza kwa Kiarabu, bila ukali, "Wewe ni wa leseni, baladiya?"

Nikasema ndiyo.

"Mtu akikuletea dirishani kwako karatasi mbili namna hii, utampa kibali?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Kwamba mimi ni mama. Kwamba hesabu ni hesabu. Kwamba neno lenyewe ni zito kulitamka mbele za watu. Nikamkumbuka kinyozi wa Suhar na viti vyake juu ya pikapu. Nikasema, "Nisingempa."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema wao hawaandiki kazi ya mtu ni njema au mbaya, wanaandika kwamba hana kesi, na kila mtu ataulizwa yake na anayestahiki kumuuliza. Kisha akanisukumia fomu mpya, niujaze ule mstari kwa mkono wangu. Nikaandika. Mwandiko wangu unaujua, kazini wananitania kwamba ni wa mashine ya chapa. Siku ile ulikuwa kama wa mtoto wa darasa la pili aliyekaa upande.

Mlangoni Bi Thuraya alinishika mkono. "Raya wetu huyuhuyu, mdogo mdogo? Maskini. Nitamwombea." Kufika magharibi ameshaomba kwenye nyumba nne. Alikuja na kwetu kutuletea pole, na nilikuwa jikoni nikatamani ardhi inimeze. Bibi akamkaribisha kahawa, akamwambia, "Mjukuu wangu anapima mashine. Wewe shoga, lini utapima ulimi?" Bi Thuraya alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, halafu wakaanza kuzungumza bei ya kitambaa. Nilishangaa. Nilidhani dunia itafanya jambo kubwa zaidi.

Sikwambii haya uone mama yako ni shujaa. Sikulala siku ile wala iliyofuata. Na mudir wetu, mkuu wa ofisi, Ustadhi Hamed, ameniachia ujumbe kwamba Jumamosi asubuhi, wiki ya kazi ikianza, nipite ofisini kwake. Mke wake na Bi Thuraya wanashonesha kwa fundi mmoja. Huenda ananiita kwa habari ya likizo. Huenda siyo. Wanaweza kunitoa dirishani wakanipeleka chumba cha mafaili, au wasifanye kitu, wakabaki kunitazama tu. Sijui lipi baya zaidi. Tangu juzi nimeshatunga majibu mengi mazuri ya kumpa, yote yana maneno kama teknolojia na chuo kikuu. Nikiyasoma kichwani nasikia sauti ya kinyozi: sasa mmenisamehe nini?

Haya, tumefika jana usiku.

Cheti kipya kimefika kule, na bibi wa leseni amejibu kwa ukarimu wake wa kawaida: kimepokelewa, msamaha unaendelea, utahojiwa ukifika kuhusu cheti cha kwanza. Umeona? Mtihani umesamehewa. Maswali hayasamehewi kamwe, popote, hata na watu wanaokupenda. Nikakuuliza utawajibu nini. Ulikuwa unakunja kanga, hukuinua macho. Ukasema, "Nitawaambia ni kosa la mtafsiri."

Ulisema kwa upole sana. Mtafsiri gani, mwanangu? Mtafsiri hajazaliwa. Fomu niliijaza mimi, kwa akili zangu timamu, kwa kalamu yangu ya kazini. Nikaelewa ulichokuwa unafanya, na ndipo nilipotoka nje kwenda kumwagilia mlimau ambao Bibi alikuwa ameshaumwagilia. Ulikuwa unanisitiri. Wewe uliyenipigia kelele mlangoni na begi mkononi, uliyesema nimekufanya mwongo, umeshika pembe ya shuka lilelile kwa ajili yangu. Nimekulea miaka yote hii kwa vitabu vya hesabu na skuli za gharama, na kitu pekee ulichojifunza kwangu barabara ni hiki. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira.

Nakuomba usifanye. Mtafsiri watamtafuta, maana ndiyo kazi yao. Watakuuliza jina lake, ofisi yake, lugha gani kwenda lugha gani, na wewe, unayeweza kujua mashine inadanganya kwa kuisikiliza, utakaa pale ukitunga. Na hata wasipomtafuta, wakakuamini, wakakupa leseni, utakuwa na kazi ya kufunga mashine zinazopunja, na chini ya leseni yako kuna mtafsiri asiyekuwepo. Kila siku ukiivaa shingoni utamkumbuka. Mimi najua. Nina watu wa namna hiyo, hawazeeki wala hawafi.

Tena kuna jambo jingine, na hili ni langu zaidi kuliko lako. Ukiniondoa kwenye habari hii ukamweka mtafsiri, basi nilichosema pale dirishani, Bi Thuraya akiwa nyuma yangu, nimekisema bure. Ni neno moja tu na nililisema kwa sauti ya chini. Lakini ni langu, na limenigharimu, na sitaki mtu anifutie hata kama ni kwa mapenzi.

Najua unaogopa wataona watu wa kwenu ni wa ajabu. Wacha waone. Mhoji wako naye ana mama. Huenda mama yake anawaambia majirani mwanawe ni mwanasheria.

Sisi wawili watu wakituona sokoni hudhani ni ndugu, kwa kuwa nilikuzaa nikiwa bado sijamaliza kukua mwenyewe, na mara nyingi nimekutegemea kama mtu anavyomtegemea mkubwa wake. Ulinijazia fomu za benki ulipokuwa huna hata kitambulisho. Ulimjibu simu mwenye nyumba. Nilikuona una akili, nikaona ni raha kuwa na mtoto mwenye akili, nikasahau kwamba mtoto anayemfunika mama yake hupata mikono migumu mapema. Safari zako za kwanza zilikuwa za skuli, tiketi ilikuwa na kurudi. Hii haina. Kwa hiyo hapa hapa, kabla hujapanda, nakutoa kwenye kazi hiyo ya kunifunika. Sikufukuzi kwa ubaya. Nafasi imefungwa.

Nasikia gari. Sijui kama ni lenu, lakini nasikia shangazi yako akicheka, kwa hiyo amekuja kuhakikisha unakula na hapa. Nitaitia barua hii katikati ya karatasi zako za leseni, mahali ambapo huwezi kuipita.

Jumamosi, wewe utakapokuwa umefika na bado hujui mchana ni upi, mimi nitakuwa kwa Ustadhi Hamed. Akiniuliza binti yako anafanya kazi gani, nitamwambia anakagua mashine za kamari, halafu nitangoja aseme atakalosema. Nitajitahidi nisilipunguze sauti. Na wewe, siku watakapokuweka kitini wakakuuliza nani aliyeandika kazi ya hesabu kwenye cheti cha kwanza, na kwa nini, waambie ni mama yangu, aliona haya. Wakiuliza mama yako ni nani, sema karani wa leseni, Maskati. Usinipambe.

Mama yako